Mganda Uliochezwa Kinyumenyume

Mwalimu,

Leo sikuamkii. Miaka yote nilikuanza kwa shikamoo, hata siku ambazo nilikuwa nimejaa nyongo hadi kooni, na wewe ukaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye mashine. Hata mbele ya jeneza lako niliinama nikaitamka kimoyomoyo, kama mjinga. Leo hapana. Leo tuongee kama watu wawili wenye jambo kati yao, na kwa kuwa huwezi kunijibu, nitafaidi kusema hadi mwisho. Ulikuwa na tabia ya kukatiza watu maneno, Mwalimu. Hakuna aliyewahi kukwambia.

Nianze na habari za huku, maana najua ungeuliza. Mbinga si ile uliyoiacha. Ghala la ushirika tulilokuwa tunaazima kwa maonyesho yetu sasa ni duka la mabati na saruji. Wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa mjini, kila mmoja na mzani wake, na kila mmoja anamwambia mkulima kwamba mizani ya wenzake inaiba. Mitumba imefika hadi kijiji cha Ruanda, wazee wanakwenda kanisani na makoti ya Wazungu yaliyokatika vifungo. Kijana wako mkubwa ameuza jenereta. Usimlaumu, alikuja kuniuliza kwanza, nami nikamwambia auze, watoto wanataka ada. Spika mbili kubwa ziko kwangu, na mashine ya kanda za magurudumu, na kanda zote. Nimemleta paka kwa ajili ya panya. Ni mvivu, lakini panya hawajui.

Watu bado wananiuliza kuhusu ule muziki. Wengine bado wanauita muziki wa wembe, kwa sababu walituona tunakata kanda kwa wembe na kuziunga kwa utepe. Nikikutana na mtu asiyejua, namweleza kama ulivyonifundisha nieleze: tunanasa sauti ya kitu cha kawaida, mashine ya kumenyea kahawa, majembe yakichimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, mawimbi ya Nyasa yakipiga mawe. Halafu tunaikata, tunaiunga, tunaipunguza mwendo, tunaigeuza, mpaka inakuwa kitu ambacho sikio halijawahi kukutana nacho. Ulikwenda kusomea hayo Ulaya enzi ambazo serikali ndiyo iliyokuwa ikimpa mtu rekoda na ruhusa ya kuiwasha. Ulivyorudi ukafundisha watoto wa shule nyimbo za mchakamchaka, ukisubiri. Milango ya biashara ilipofunguliwa, kila mtu akakimbilia kuuza sabuni na redio. Wewe ukaacha mshahara wa serikali, ukaleta mitambo kwa lori la kahawa, ukafungua studio Mbinga. Walisema Mwalimu amerukwa na akili. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina masikio mazuri na matokeo mabaya, nikaja kuomba kazi.

Kazi yangu ilikuwa mbili, kutunga na kutembeza. Kutunga tulitunga wote, wewe mbele na mimi nyuma. Kutembeza ilikuwa yangu peke yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kwa mapadre kuomba ukumbi. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mbele ya watu na kuwaambia Mwalimu anasema hivi, Mwalimu anakusudia vile, maana wewe ulikuwa na aibu ya watu wengi. Unakumbuka onyesho la kwanza, pale ghalani? Tulizima taa, kanda ikaanza, watu wakakaa kimya wakisubiri waimbaji watoke nyuma ya spika. Mzee mmoja wa Litumbandyosi, kijijini kwenu, aliinuka, akafunua kitambaa tulichofunika spika, akachungulia nyuma, kisha akawatangazia wenzake kwamba hakuna mtu. Nusu ya ukumbi wakaondoka. Yule mzee akakaa hadi mwisho, akatuambia imemkumbusha bati la nyumba yake likipigwa na mvua huku yeye anaumwa homa. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Ukaniambia, "Eda, huyo mmoja anatosha."

Nilikupenda siku ile, Mwalimu. Sina sababu ya kuficha. Nilikupenda kama baba, maana wa kunizaa simjui, na mama alinifia nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yake, Mjomba Filemoni, kule Mbaha ziwani. Kwa hiyo nilikuwa na watu wawili tu duniani wa kuwaita wakubwa wangu. Mmoja ni wewe. Mwingine ni yeye.

Na mimi ndiye niliyewakutanisha.

Ulitaka mganda, ngoma ya kwetu ziwani. Uliniambia sauti ya vile vibuyu vya kupuliza, vilivyozibwa utando wa buibui, hakuna mashine ya Ulaya inayoweza kuitoa. Nikakwambia Mjomba ni kapteni wa mganda wa kwetu, lakini kuna shida. Wewe mtu wa milimani hukujua. Kwetu wimbo mpya wa mganda ni siri mpaka siku ya kushindana. Vijana wanaufanyia mazoezi mbali, kwenye mawe, mahali ambapo mawimbi yanapiga kelele kuliko vibuyu, na hata wake zao hawauimbi wakitwanga. Kijiji kikija uwanjani na wimbo ambao wageni wameshausikia, ni afadhali kisije. Nilikueleza yote hayo. Hukukatiza hata mara moja, nikajua umeelewa.

Tukashuka ziwani. Mjomba alichinja jogoo, akakupa kiti chake mwenyewe. Alikusikiliza ukieleza mashine yako, akashika kipaza sauti akakigeuzageuza kama mtu anayekagua samaki sokoni. Kisha akauliza jambo moja tu, kwamba wimbo utasikika lini. Ukamwambia kwa kinywa chako, "Mzee, hautasikika popote mpaka mtakapokuwa mmeucheza." Mjomba hakukujibu wewe, alinitazama mimi. Akaniuliza kama huyu mtu ana neno. Nikasema Mjomba, huyu ana neno.

Siku ya pili walikupigia wimbo wote pale kwenye mawe. Ngoma kubwa, vibuyu, vijana wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu kana kwamba siku yenyewe imefika. Mjomba alikuwa mbele na usinga wake. Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye mchanga, umefumba macho, machozi yanakutoka. Niliona. Mpaka leo naamini yale machozi yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana nashindwa kukuelewa.

Ukaenda Dar es Salaam. Ulikuwa umealikwa kwenye studio ya wageni fulani wapenda sanaa, na redio ilikuwa inatafuta sauti mpya za kufungulia vipindi vyake. Mimi nilibaki Mbinga kulinda mitambo. Haukupita muda, nikasikia kwenye kipindi cha salamu, kabla mtangazaji hajaanza kusoma nawasalimu wote wanaonifahamu, sauti moja ya ajabu. Inaanza kwa mvumo mwembamba, inavimba, inavimba, halafu inakatika kwa kishindo. Tena. Tena. Nilisogeza sikio kwenye redio. Uliporudi nilikuuliza, Mwalimu, ile ni mganda? Ukacheka. Ukasema ni vile vibuyu tulivyokuwa tunajipulizia wenyewe hapa studio kwa majaribio. Na kweli tulikuwa tumepuliza, na mimi mwenyewe nilipasua utando mmoja. Nikaamini. Mtu akikufundisha kusikia, utasikia anavyotaka yeye.

Kipindi cha salamu, Mwalimu! Kama ungekipa kipindi cha kilimo, labda. Lakini salamu? Nani asiyesikiliza salamu? Siku hizo kila nyumba ya pwani ya Nyasa yenye samaki wa kuuza ilikuwa imenunua kijiredio cha betri. Watoto waliimba kile kishindo wakienda kuchota maji.

Siku ya mashindano ilipofika, ulisema una malaria. Nilikupikia uji kabla sijaondoka. Uliunywa wote.

Nikashuka peke yangu. Wageni walikuwa wenzetu wa ng'ambo ya mto Ruhuhu, na kwa desturi mgeni ndiye anayetangulia kucheza. Nilikaa na mama zangu wakubwa, tumeweka mkeka. Tukawaona wanaingia uwanjani kwa migongo. Naam, walikuwa wanarudi nyuma, safu nzima, soksi nyeupe zinakanyaga kinyumenyume, kapteni wao yuko mwisho mahali ambapo angekuwa mbele. Kisha vibuyu vikaanza kwa mvumo mwembamba, vikavimba, vikavimba, ngoma ikapiga kishindo kimoja, kimya. Tena. Watu wote uwanjani wakapiga kelele za furaha, maana wanaujua. Ni wimbo wa salamu!

Mimi nilimtazama Mjomba. Alikuwa amesimama na vijana wake wakisubiri zamu. Alisikiliza mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikaona mkono wake wenye usinga unaanza kupiga taratibu kwenye paja, anaufuata ule wimbo kutoka mkiani kwenda kichwani. Wewe ulidhani ukigeuza kanda umeufuta mganda. Ulidhani wembe wako na mashine yako ya Ulaya vimeufanya kitu kingine. Watu waliozaliwa nao, Mwalimu! Waliutambua wakiwa wamekaa juu ya mikeka yao wanakula mihogo. Wale vijana wa ng'ambo nao wala hawakuwa na hila, baadaye walikuja kuomba radhi. Walikuwa wamesikia mganda uliogeuzwa redioni, wakaufanyia mzaha. Hawakujua mwenye wimbo ni sisi.

Walijua zamu yetu ilipofika. Wimbo mwingine hatukuwa nao. Mjomba akaingiza vijana wake, wakapuliza, na ulikuwa wimbo mzuri kuliko wote niliowahi kusikia pwani ile. Hawakufika katikati. Mtu mmoja alicheka, wakacheka kumi, watoto wakajipanga nyuma ya safu wakaanza kutembea kwa migongo. Mjomba alisimamisha ngoma. Alivua kofia yake, akaiweka chini pamoja na usinga, akatoka uwanjani. Hajaugusa tena mpaka leo.

Mimi ningeweza kuyameza yote hayo. Msanii ana tamaa, redio inabisha hodi, mtu anateleza. Ningekusamehe, naapa. Kinachonikaba ni kilichofuata.

Wazee walitaka kukuona. Nilipanda Mbinga kukuita, nikakuta malaria imeshapona. Ulikuja na gari la kuazima, sikatai, na njiani ulikuwa mkimya nikadhani unatafuta maneno ya kuomba radhi. Tulikaribishwa ndani kwa Mjomba. Ukapewa kile kiti. Ukala ugali na samaki wetu wa ziwani, mbasa, ukanawa. Ndipo mzee mmoja akakuuliza imekuwaje. Ukakohoa kidogo, ukasema kwa ile sauti yako ya darasani, "Mimi niliambiwa na binti yenu kwamba wimbo mmeshaucheza."

Binti yenu. Hata jina hukulitaja.

Nilikuwa nimepiga magoti karibu na mlango, nimeshika jagi la maji. Nilisema, si kweli, Mjomba. Sauti ilinitoka ndogo, lakini ilitoka, na kila mtu aliisikia. Mjomba akageuka. Akaniuliza, "Unamwita mgeni wangu mwongo, naye amekaa kwenye kiti changu?" Basi. Wewe mtu wa mila ulijua uko wapi, Mwalimu. Kwetu mgeni haitwi mwongo ndani ya nyumba aliyokula. Ulijificha nyuma ya ugali wetu. Nikakutazama, nikangoja ukohoe tena, useme nimekosea, nimechanganya. Ulikuwa unafuta vidole.

Mjomba akaniambia, "Basi nenda na mwalimu wako."

Nikaenda. Tulipanda ule mlima wa kutoka Mbamba Bay. Tulipoanza kuona migomba na kahawa za Mbinga ndipo ukafungua mdomo. Ukasema mimi bado kijana, nitasamehewa, damu haifutiki. Lakini jina lako likichafuka, studio inakufa, na muziki wenyewe unakufa kabla haujazaliwa vizuri. Ukaniambia unaniomba nikubebee mzigo huo kwa muda. Neno lako lilikuwa hilo, kwa muda. Unang'ata huku unapuliza.

Utauliza kwa nini nilibaki. Nilibaki kwa sababu kanda zilikuwa zangu pia. Nilibaki kwa sababu sikuwa na pengine, na nilikuwa nimeupenda muziki ule kuliko nilivyokuchukia. Nikaendelea kuutembeza. Nilisimama Songea, nilisimama Dar, nikawaambia watu Mwalimu anasema hivi, Mwalimu anakusudia vile. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilifika Ulaya na kurudi, na picha ukapigwa. Kila tulipoalikwa mahali walitaka kipande kile kile, mganda wako wa kinyumenyume, na mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Kwetu ndoa zikapita, misiba ikapita. Mama mkubwa alipokufa nilipata habari kwa mchuuzi wa dagaa, sokoni, akipima.

Na ulipougua mara ile ya kwanza, pale hospitali ya misheni, nilikulaza, nikakuosha, nikakukumbusha ule mzigo. Ulinishika mkono. Ulilia. Ukasema nikipona, Eda, tunashuka ziwani mimi na wewe, namwambia mjomba wako kila kitu. Nilikwenda kanisani kukuombea upone, Mwalimu. Nilifunga. Ukapona. Ulipata nguvu za kutosha kupanda ndege kwenda kwenye tamasha, ukaniletea kitambaa cha kichwa. Nilikuuliza tunashuka lini, ukasema barabara mbovu, mvua ziishe. Mvua zikaisha. Halafu na wewe ukaisha.

Baada ya mazishi nilikaa studio mchana mmoja, mlango wazi, kuku wanaingia na kutoka. Nikachukua kile kipande chako maarufu, nikakiweka kwenye mashine kwa kuanzia mkiani. Sikuwahi kufanya hivyo, hukuruhusu. Ulisema ni kuikosea heshima kazi. Nikabonyeza. Tarumbeta za Ulaya ulizokuwa umeziunga humo zikawa kelele tu, na kutoka katikati yake wakatoka watu wa kwetu, wima, wanakwenda mbele. Nilisikia ngoma kubwa. Nilimsikia Mjomba akiwahimiza vijana kwa Kinyasa. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba mwingine.

Kesho yake nikashuka Mbaha bila kuitwa.

Nilimkuta Mjomba anakarabati wavu nje. Amezeeka, Mwalimu, shingo imekuwa nyembamba. Nilimwamkia, akaitikia. Sikusubiri kukaribishwa ndani, na kweli sikutaka kuingia. Nilimwambia palepale uani kwamba umekufa, na kwamba siku ile ulisema uongo. Aliendelea kufunga fundo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilijua."

Alijua! Alisema alikujua tangu ulipoanza kufuta vidole. Alisema mtu wa kweli akisingizia kwa bahati mbaya humtazama anayemsingizia, na wewe ulitazama sahani. Nikamuuliza, sasa Mjomba, mbona ulinifukuza? Akasema hakunifukuza. Aliniambia niende na wewe ili aone kama nitakwenda. Ningebaki palepale mlangoni, angejua nasimamia neno langu, na ungeondoka peke yako na aibu yako. Lakini mimi nilipanda gari.

Nilishindwa hata kulia. Nikamwambia Mjomba, wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye uliyenifundisha mtoto akiambiwa nenda anakwenda. Sasa ulitaka niote wapi masikio ya kusikia usichosema? Nilimwambia mengine pia ambayo mtoto hamwambii mjomba wake. Nilimwambia kwamba nyie wazee wawili mlikuwa mnajua ukweli, mmoja akaufunika kwa ajili ya jina lake, mwingine kwa ajili ya adabu ya nyumba yake, na katikati yenu mkaniacha mimi nioze. Majirani walitoka. Acha watoke. Nilikuwa nimechoka kusema kwa niaba ya watu.

Alipomaliza fundo akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia nataka aseme mbele ya watu walewale. Akasema wengi wameshakufa. Nikamwambia aseme mbele ya waliobaki.

Na alisema, Mwalimu. Jumapili ile, baada ya ibada, watu bado wamesimama nje ya kanisa. Alivua kofia akasema kwa sauti ya kikapteni ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana: "Mtoto huyu hakuuza wimbo wetu. Nililijua hilo, nikanyamaza." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini kidogo, lakini watu walisikia. "Nusu yangu nimeisema. Nusu nyingine ni ya mwalimu wako."

Ndiyo maana ninakuandikia. Nusu hiyo ndiyo iliyobaki. Watu wa kwetu wanajua sasa kwamba sikuwauza, lakini hawajui aliyewauza ni nani, na mtu anapoulizwa na hajibiwi huanza kubuni. Wapo wanaosema labda ni vijana wa mazoezi wenyewe. Kesho watasema labda ni Mjomba. Mimi sitaki mtu mwingine abebe kitu chako kwa muda.

Familia yako imepanga misa ya kuweka msalaba kaburini, kule Litumbandyosi. Mkeo amekuja mwenyewe kuniomba nisome wasifu wako, kwa sababu, alisema, hakuna aliyezoea kukusemea kama mimi. Wageni wa Dar watakuja na kamera zao. Wanataka kipande kile kipigwe kaburini. Na Mjomba Filemoni atapanda mlima. Hajawahi kuja huku kwenu. Atakuja na waliobaki wa mganda, na nimewatafutia mahali pa kulala.

Nilimwambia mkeo nitasoma. Sikumwambia nitasoma nini, nikaona ni vizuri nikuambie wewe kwanza, uso kwa uso kadiri inavyowezekana. Nitasema ulikuwa mtunzi mkubwa, maana ulikuwa. Nitasema ulitufundisha kwamba jembe na bati na maji vina muziki, na kwamba uliacha mshahara kwa ajili ya kitu ambacho watu walikicheka. Nitamtaja yule mzee aliyechungulia nyuma ya spika. Sitakupunguzia hata chembe ya sifa yako, na kanda zako nitaendelea kuzitembeza kokote watakakonipa ukumbi. Kwa hilo ulale salama, Mwalimu wangu, nimekuahidi na mimi nina neno.

Kisha nitaikunja karatasi, nitamtazama Mjomba, na nitasema kwa niaba yako mara ya mwisho. Nitasema hivi: Mwalimu anasema, wazee wa Mbaha, Eda hakuniambia kitu. Niliwaahidi nikijua, na nikawadanganya nikijua, nikiwa nimeshiba chakula chenu.

Ni mimi,
Eda